UZI: Linux inawaka lakini skrini nyeusi, inachezacheza au imekwama kwenye picha kubwa? Tafuta kwanza imefia wapi

Keneli_Mzee (mtoa uzi)

Habari zenu wakuu.

Maswali ya "Linux yangu inaleta skrini nyeusi, nisaidieni" hayaishi, na majibu yake ni yale yale. Mmoja anasema weka nomodeset (kigezo cha kuwashia kinachozuia draiva ya kadi ya grafiki). Mwingine anasema futa, weka distro (aina ya Linux) nyingine. Wa tatu anabandika amri sita bila kueleza hata moja. Mwenye shida anazinakili zote, na hadi jioni kompyuta ina matatizo mawili badala ya moja.

Uzi huu ni wa wanaoanza. Msimamo wangu ni huu: skrini nyeusi si ugonjwa, ni dalili, na kabla ya kugusa chochote lazima ujue picha imefia hatua gani.

Hatua zenyewe ziko hivi. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, anayechora ni BIOS au UEFI, programu ya ndani ya ubao mama. Ndipo unapoona nembo ya mtengenezaji. Inafuata GRUB, programu ndogo ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Halafu keneli (kiini cha Linux) inaamka na kuishika kadi ya grafiki kupitia draiva yake: i915 kwa Intel nyingi, amdgpu au radeon kwa AMD, nouveau au nvidia kwa Nvidia. Baada ya hapo inakuja skrini ya kuingilia, ambayo ni programu inayojitegemea: GDM, SDDM au LightDM. Ukishaandika nywila ndipo desktopu yenyewe inapoanza, iwe GNOME, KDE Plasma, Cinnamon au Xfce, ikipita juu ya Xorg au Wayland, mifumo miwili ya kuchora madirisha.

Sasa jiulize ulifika wapi.

Kama hata nembo ya mtengenezaji huioni, Linux haihusiki. Angalia kebo, monita, umeme, na kama ni kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ya kuchomeka, hakikisha kebo ya monita imeingia kwenye kadi yenyewe na si kwenye tundu la ubao mama. Msicheke, hili linawapata watu wengi kuliko mnavyodhani.

Kama GRUB unaiona lakini baada yake ni giza, mtuhumiwa wa kwanza ni draiva ndani ya keneli. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: muache keneli aseme. GRUB ikija (isipojitokeza, gonga Esc wakati kompyuta inawaka, mashine za BIOS ya zamani shikilia Shift), simama kwenye mstari wa juu, bonyeza herufi e. Utaona maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, ambao mwisho wake mara nyingi ni hivi:

`ro quiet splash`

Futa quiet na splash, kisha bonyeza Ctrl+X au F10. Badala ya nembo nzuri, utaona maandishi yakishuka, na yatakapokwama, mistari ya mwisho ndiyo ushahidi wako. Piga picha kwa simu. Mabadiliko haya ni ya safari hiyo moja tu, ukiwasha upya kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, kwa hiyo usiogope. (Angalizo: humo ndani kibodi husomeka kwa mpangilio wa Kimarekani hata kama yako ni ya aina nyingine, kwa hiyo alama kama = na _ zinaweza kuwa zimehama.)

Kama skrini ya kuingilia inatokea lakini ukiandika nywila unarudishwa pale pale, au unaingia na kukuta giza lenye kishale tu, basi kadi na draiva vina uwezekano mkubwa wa kuwa salama. Shida iko kwenye sesheni yako au mafaili yako. Hapo kuhangaika na nomodeset ni kupoteza muda.

Na kama unaingia vizuri ila picha ni kubwa mno, nzito, inakatika au inachezacheza, hiyo ni habari nyingine, tutaifikia.

Ukiwa gizani, jaribu Ctrl+Alt+F3. Kwenye laptopu nyingine inabidi uongeze Fn. Ukipata skrini nyeusi yenye neno login, shangilia: kompyuta ni nzima, kilichokufa ni picha tu. Andika jina lako, kisha nywila. Nywila haitaonyesha hata nyota unapoiandika; inaandikika, endelea. Ukitaka kurudi, Ctrl+Alt+F1, F2 au F7 kutegemea distro.

Ukiwa humo, amri ya kwanza ni hii:

`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'`

Itakutajia kadi yako na chini yake mstari wa "Kernel driver in use". Mstari huo mmoja unamaliza nusu ya ubishi wote. Ya pili:

`journalctl -b -1 -p err`

Hiyo inaleta makosa ya safari iliyopita ya kuwasha, kama ndiyo iliyokufa. Ukitaka ya safari hii ya sasa, ondoa -1. Usitishike na wingi wa mistari myekundu, hata kompyuta nzima huwa nayo. Tafuta yenye maneno drm, nvidia, amdgpu au i915.

Karibuni na maswali. Taja distro, kadi, na umefia hatua gani.

---

Nukta99

Mkuu unazungusha sana. Weka nomodeset kwenye /etc/default/grub, update-grub, maisha yanaendelea. Mimi natumia hivyo na sina shida.

---

Keneli_Mzee

Nukta99, nomodeset ni mkongojo. Unamsaidia mtu afike hospitali, humwambii atembee nao maisha yake yote.

Kigezo hicho kinaikataza keneli kupanga yenyewe skrini kupitia draiva ya kadi. Draiva za i915 na amdgpu zikikiona zinakataa kabisa kupakiwa. Kinachobaki ni picha aliyoiacha UEFI: resolusheni moja isiyobadilika, monita ya pili haipo, mwanga wa laptopu hauongezeki wala kupungua, na video zote zinasukumwa na prosesa. Fungua terminali yako sasa hivi uandike:

`glxinfo -B`

(ipo kwenye kifurushi cha mesa-utils). Angalia mstari wa "OpenGL renderer string". Ukiona neno llvmpipe, kadi yako imelala na prosesa ndiyo inayochora kila kitu.

Matumizi yake halali ni haya: unaiongeza kwa muda mwishoni mwa ule mstari wa linux kwenye GRUB, unaingia, unaweka draiva sahihi, unawasha upya bila hiyo nomodeset.

---

Nukta99

Dah. llvmpipe kweli. Ndiyo maana feni inapiga kelele nikifungua video?

---

Keneli_Mzee

Ndiyo maana. Ukitoa nomodeset ikaleta giza, rudi hapa na matokeo ya lspci.

---

mgeni_wa_linux

Asante kwa uzi mkuu. Mimi natumia Ubuntu, kadi ni Nvidia. Ilikuwa safi, nikabadilisha draiva kutoka kwenye ile programu ya "Additional Drivers", ikaniomba nywila ya kitu fulani, nikaweka. Nilipowasha upya ilikuja skrini ya bluu yenye Kiingereza, nikaogopa nikabonyeza Continue boot. Sasa inaingia lakini maandishi ni makubwa, resolusheni haibadiliki, na ni nzito. Nimefanya ile amri:

```
VGA compatible controller: NVIDIA Corporation ...
        Subsystem: ...
        Kernel modules: nvidiafb, nouveau, nvidia_drm, nvidia
```

Ule mstari wa "driver in use" haupo kabisa. Ina maana kadi imekufa?

---

Keneli_Mzee

Kadi ni nzima, lspci imeitambua. Kukosekana kwa ule mstari ndiko jibu lenyewe: hakuna draiva iliyoishika. Ulipoweka nvidia, ile ya nouveau ilizuiwa ili zisigombane. Halafu nvidia nayo ikakataliwa mlangoni. Umebaki na picha ya UEFI, sawa na mtu aliyeweka nomodeset.

Na nadhani najua aliyeikataa. Fanya hizi mbili ulete majibu:

`mokutil --sb-state`
`sudo modprobe nvidia`

---

mgeni_wa_linux

```
SecureBoot enabled
modprobe: ERROR: could not insert 'nvidia': Key was rejected by service
```

---

Keneli_Mzee

Ndiyo yenyewe. Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokagua saini za programu wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, keneli ya Ubuntu haipokei moduli isiyo na saini ya ufunguo unaotambulika. Draiva yako imejengwa papo hapo kwenye kompyuta yako na kutiwa saini kwa ufunguo wa kompyuta hiyo hiyo. Ila ufunguo huo haujasajiliwa kwenye firmware (programu ya ndani ya kifaa). Ile skrini ya bluu uliyoiruka ndiyo ilikuwa dawati la usajili, na inatokea mara moja tu kila unapoomba.

Iombe tena:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba utunge nywila ya muda, si ile ya kuingilia. Chagua rahisi ya herufi za kawaida, maana utaiandika kwenye skrini ambayo kibodi yake ni ya Kimarekani. Washa upya. Skrini ya bluu ikija una sekunde chache tu za kubonyeza kitufe chochote. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika ile nywila, kisha Reboot.

Wapo watakaokuambia uzime tu Secure Boot kwenye UEFI. Inafanya kazi na si dhambi, lakini kama una Windows iliyosimbwa kwa BitLocker kwenye mashine hiyo hiyo, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kugusa, kwa sababu inaweza kuudai.

---

mgeni_wa_linux

Mkuu IMEKUBALI. Sasa inasoma `Kernel driver in use: nvidia` na resolusheni imerudi 1920x1080. Asante sana. Swali la mwisho: nisipakue draiva mpya zaidi kutoka kwenye tovuti ya Nvidia yenyewe?

---

Keneli_Mzee

Usipakue. Lile faili la .run halijulikani na apt (kisimamia vifurushi). Ukiliweka, halafu keneli ikasasishwa, kuna uwezekano mkubwa uwashe na kukuta giza, na kulisafisha ni kazi kuliko kuliweka. Draiva ichukue kwa njia ya distro yako: Ubuntu `ubuntu-drivers devices` itakuonyesha inayopendekezwa, na `sudo ubuntu-drivers install` itaiweka. Mint wana programu yao ya Driver Manager. Fedora inatoka RPM Fusion kwa jina la akmod-nvidia. Debian ni kifurushi nvidia-driver, baada ya kufungulia sehemu ya non-free.

Wenye kadi za Nvidia za zamani wasilazimishe draiva ya juu zaidi. Kizazi cha Kepler kiliishia tawi la 470, Fermi 390, na wa kabla yake 340. Kwa kadi hizo kongwe mara nyingi nouveau ndiyo njia yenye usumbufu mdogo, hata kama michezo haitakwenda.

Na hili liwe la wote: kama giza limeanza siku ulipofanya sasisho, usianze na draiva. Kwenye GRUB ingia "Advanced options", chagua keneli ya kabla ya hii. Ikiwaka vizuri, umeshajua mkosaji ni nani, na unaweza kuendelea na kazi zako huku ukitafuta dawa. Kwa Nvidia, `dkms status` itakuambia kama draiva ilijengwa kwa ajili ya keneli mpya au imeishia kwa ya zamani. Ikikosekana, mara nyingi ni vifurushi vya linux-headers havipo.

---

BintiTerminali

Naomba niongeze kwenye ile ya kurudishwa kwenye skrini ya kuingilia, kwa sababu nakutana nayo sana kwa ninaowasaidia. Kabla ya yote ingia Ctrl+Alt+F3, fanya:

`df -h`

Ukikuta / au /home imeandikwa 100%, umemaliza uchunguzi. Desktopu inahitaji kuandika vifaili vidogo wakati wa kuanza. Ikikosa nafasi inakufa kimya na kukurudisha mlangoni. `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` zinakupa pumzi ya kuingia, halafu usafi mkubwa unaufanya ukiwa ndani. Usisahau pipa la taka, liko ~/.local/share/Trash, na watu wanarundika filamu humo.

Diski ikiwa na nafasi, angalia hii:

`ls -l ~/.Xauthority`

Faili hilo linatakiwa kuwa la kwako. Likisomeka root root, kuna siku programu ya picha iliendeshwa kwa sudo. Dawa:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`

---

Keneli_Mzee

Asante dada, umenipunguzia kazi. Niongeze kipimo kimoja kinachotenganisha mambo haraka: tengeneza mtumiaji mpya.

`sudo adduser jaribio`

Ingia kwa jina hilo. Akiingia vizuri, mfumo ni mzima na shida iko kwenye mipangilio ya nyumbani kwako. Hapo unaokoa jina lako bila kufuta kitu: faili la mpangilio wa monita, kwa mfano, kwa GNOME ni ~/.config/monitors.xml, na kwa Cinnamon ni cinnamon-monitors.xml kwenye folda hiyo hiyo. Libadilishe jina, usilifute, ujaribu tena. Nimeona watu wenye "skrini nyeusi" ambao kumbe desktopu ilikuwa inawaka kwenye monita ya pili ambayo haipo tena.

Mtumiaji mpya naye akikwama, jaribu sesheni nyingine. Kwenye skrini ya kuingilia kuna alama ya gia au orodha ndogo, badili kutoka Wayland kwenda Xorg au kinyume chake, kama distro yako bado inatoa zote mbili. Ukiwa ndani, `echo $XDG_SESSION_TYPE` inakuambia uko kwenye ipi.

---

kebo_ndefu

Wakuu, mimi monita yangu ni ya 1920x1080 lakini Linux inanipa mwisho 1024x768. Kadi ni Intel, draiva i915 imeshikwa, glxinfo haina llvmpipe. Nimefuata video moja ya xrandr, kila nikiwasha upya inapotea.

---

Keneli_Mzee

Unatumia kebo ya VGA au adapta katikati?

---

kebo_ndefu

Ndiyo. HDMI kwenda VGA. Umejuaje?

---

Keneli_Mzee

Kwa sababu draiva iko sawa na bado inabahatisha. Monita ina kijitaarifa kinachoitwa EDID kinachoieleza kompyuta "mimi naweza resolusheni hizi". Kisipofika, keneli haithubutu, inatoa saizi salama. Pima:

`wc -c /sys/class/drm/*/edid`

Mlango ulikochomekwa monita unatakiwa usome baiti 128 au zaidi, kwa kawaida 256. Ukisoma 0, taarifa inapotelea kwenye adapta au kebo. Badilisha kebo kwanza. Ikiwezekana nenda HDMI moja kwa moja hadi kwenye monita.

Kama huna namna, ndipo njia ya xrandr inaingia, na inafanya kazi kwenye Xorg tu. Kwenye Wayland xrandr inaweza kukusomea hali lakini haipangi kitu. Andika `cvt 1920 1080 60`, itakupa mstari unaoanza na Modeline. Nakili kilicho baada ya neno hilo:

```
xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
xrandr --addmode HDMI-1 1920x1080_60.00
xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080_60.00
```

HDMI-1 weka jina unaloliona ukiandika xrandr peke yake. Inapotea kwa sababu amri hizi zinaishi ndani ya sesheni tu. Ziweke kwenye faili la ~/.xprofile, skrini nyingi za kuingilia zinalisoma.

---

kebo_ndefu

Imesoma 0. Nimeazima kebo ya HDMI, imekuja 1920x1080 yenyewe bila amri yoyote. Nimekasirika kidogo.

---

mchana_kweupe

Mtoa uzi umeahidi habari ya skrini kuchezacheza. Laptopu yangu (Intel) inamweka kama taa mbovu, hasa nikiwa nasoma kitu bila kugusa chochote. Nikisogeza kipanya inatulia.

---

Keneli_Mzee

Hiyo "nikisogeza inatulia" ni dalili nzuri sana, wengi wasingeitaja.

Kwa wengine wenye kasoro za picha, fanyeni kwanza vipimo viwili visivyohitaji amri. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI ukae humo dakika kadhaa: ikichezacheza hata huko, ni kioo au waya wake, Linux haipo bado. Cha pili, kasoro ikitokea piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, kisha iangalie. Kasoro ikionekana ndani ya picha, imechorwa hivyo na programu, Mesa (maktaba ya grafiki) au desktopu. Isipoonekana, picha iliundwa vizuri ikaharibikia njiani kwenda kwenye kioo.

Yako nabashiri haitaonekana. Laptopu zina mbinu ya kuokoa betri iitwayo PSR: picha ikiwa haibadiliki, kioo kinajionyesha chenyewe kutoka kwenye kumbukumbu yake na kadi inapumzika. Ndiyo maana tatizo linakuja ukiwa umetulia. Kwenye GRUB, bonyeza e kama nilivyoeleza, ongeza mwishoni mwa mstari wa linux:

`i915.enable_psr=0`

Tumia saa kadhaa. Ikitulia, kiweke cha kudumu ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT kwenye /etc/default/grub, kisha `sudo update-grub`. Fedora badala ya hayo ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="i915.enable_psr=0"`. Wenye AMD wenye dalili hiyo hiyo, kigezo chao ni `amdgpu.dcdebugmask=0x10`. Betri itapungua kidogo zaidi.

Kama shida ni picha kukatika katikati kwa mstari wa mlalo unapocheza video, hilo ni jambo la Xorg zaidi. Hamia Wayland kabla hujaanza kuandika mafaili ya mipangilio. Kwa AMD ukitaka kubaki Xorg, `xrandr --output eDP-1 --set TearFree on` inatosha.

---

mchana_kweupe

Imetulia tangu asubuhi. Na kweli picha ya Print Screen ilikuwa safi kabisa. Naweka cha kudumu leo.

---

Nukta99

Nimerudi. Nimetoa nomodeset, giza baada ya GRUB. Nimefuta quiet splash kama ulivyosema, AMD, Debian. Imekwama kwenye mistari inayosema `amdgpu` na `Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2`.

---

Keneli_Mzee

Namba -2 maana yake faili halipo. Draiva unayo, ila inahitaji firmware ya kupakia ndani ya kadi na haijaikuta. Debian kabla ya toleo la 12, lililotoka 2023, haikuweka firmware zisizo huru kwenye diski ya kawaida ya usakinishaji, na bila shaka mfumo wako umeanzia huko.

Ingia kwa nomodeset mara hii tu. Kwenye /etc/apt/sources.list ongeza `non-free-firmware` mwishoni mwa mistari ya deb kama uko 12 kwenda juu, au `non-free` kama uko 11. Kisha:

`sudo apt update && sudo apt install firmware-amd-graphics`

Iondoe nomodeset kwenye /etc/default/grub, fanya update-grub, washa upya, halafu utuletee ule mstari wa glxinfo.

---

Nukta99

`OpenGL renderer string: AMD Radeon Graphics (radeonsi, ...)`

Feni imenyamaza.